Mwaka Elliot Alipokalia Kiti cha Sadiki

Sadiki alifariki Jumapili, akazikwa siku iliyofuata, na Jumatano Elliot akatua uwanja wa ndege wa Kanombe, Kigali, na masanduku yake ya ngoma. Kama ningekuwa na uwezo wa kupanga mambo, ningeyatenganisha hayo mawili kwa mwaka mzima au zaidi, ili kila moja nilibebe peke yake. Lakini mabango yalikuwa yamekwisha kubandikwa Kiyovu tangu mwezi uliopita: picha ya mzee mwembamba wa Kiingereza, kichwa amekiinamisha juu ya toazi, na maneno kwamba huyu ni mpiga ngoma wa jazi na mtayarishaji wa muziki ambaye waimbaji wa nchi nyingi hupanga foleni mlangoni kwake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na jina langu, Konsolata, kinanda. Elliot alikuwa ameniomba kwa simu nipige naye nyimbo chache kwa ajili ya siku zetu za zamani, nami nilikubali kabla hajamaliza kusema. Jumatatu ile, wanaume walipokwenda makaburini, mimi niliketi mkekani pamoja na wanawake katika nyumba yake ya Nyamirambo ambayo zamani niliijua kuliko chumba changu mwenyewe. Mama Zuhura, mjane, alinishika mkono akasema, "Karibu, dada. Umepotea." Ni neno ambalo huambiwa mtu yeyote aliyekaa muda bila kuonekana. Mimi nililipokea kama shitaka.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Mchana niliuza dawa katika duka moja la Remera, na jioni nilipiga kinanda katika kikundi cha watu watatu: mimi, Papi wa Bukavu, aliyepiga gitaa la besi, na Sadiki, fundi cherehani, aliyepiga ngoma. Sadiki ndiye aliyeniokota. Alikuja kanisani kwetu siku ya harusi, amechelewa, amebeba gauni la bibi harusi mikononi kama mtoto aliyelala, akanisikia nikipiga wimbo wa kuingilia. Sherehe ilipokwisha alinisubiri nje, sindano bado imechomekwa kwenye ukosi wa shati lake. "Dada, wewe iko na vidole," aliniambia. "Huku kanisani wanavilaza tu. Kuja tupige." Sikuwa nimewahi kupiga kitu chochote kisichokuwamo katika kitabu cha nyimbo za ibada. Jumapili iliyofuata nilikuwa sebuleni kwake, kati ya makochi yenye vitambaa vya kufuma na cherehani iliyosukumwa kwenye kona, ngoma zake zikiwa zimefunuliwa shuka. Watoto waliamriwa wakae kwenye ujia wasiguse kitu. Palinuka pasi ya mkaa na tangawizi, na kila baada ya nyimbo mbili au tatu Mama Zuhura aliingia na chai na sambusa za moto, Papi akimwambia kila mara, "Mama, miye sirudi kwetu tena, nitakufia hapa," naye Mama Zuhura akijibu kila mara kwamba basi atangulie kuoga.

Lazima niseme jambo ambalo msibani halisemwi. Sadiki hakuwa mpiga ngoma mzuri. Alipenda kupiga kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe, kwa sababu alipofurahi aliharakisha, na alifurahi mara nyingi. Wimbo ulioanza kwa mwendo wa bibi harusi uliisha kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa na nyuki. Watu wa harusini hawakujali, walicheza tu. Lakini kila Ijumaa tulipopiga katika hoteli moja ya Kiyovu, mbele ya watu waliokuja kula polepole, mimi nilirudi nyumbani mabega yakiniuma kwa kuuvuta wimbo nyuma, kama anavyovutwa mbuzi asiyetaka kurudi bandani. Nilimpenda Sadiki na alinichosha. Ni leo tu, nikiwa mwalimu wa kinanda mwenye wanafunzi wa umri ule, ndipo ninaona kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi bila kugombana, hadi siku atakapotokea mtu wa tatu.

Mtu wa tatu tulimkuta Gisimenti, kwenye baa tuliyokuwa tukipiga katikati ya wiki. Alikuwa amekaa na mkewe mbele ya sahani ya brosheti, mishikaki ya mbuzi, na ndizi za kuchoma, na kidole chake kilikuwa kikigonga ukingo wa meza. Sadiki ndiye aliyekiona kidole hicho. Alisimamisha wimbo katikati, akapaza sauti, "Wewe, muzungu wa meza! Hiyo meza umeishapiga vya kutosha. Kuja hapa!" Baa nzima ilicheka. Yule mzungu akaja, uso umemwiva kwa haya, akapokea vijiti kwa mikono miwili. Alisogeza kiti nyuma kidogo, akaniuliza kwa Kiingereza tunapiga nini, kisha akaanza kwa sauti ya chini mno kiasi kwamba nilidhani ameogopa. Hakuwa ameogopa. Alikuwa ananiachia nafasi. Nilikuwa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani miaka yote, halafu mtu akaja nyuma yake akaitua bila kumwambia. Vidole vyangu vilikwenda mahali ambapo havikuwa vimewahi kufika, na nilipoinua macho nilimwona Papi ananitazama kama anayeuliza, "Na wewe umesikia?" Wimbo ulipokwisha, aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Sadiki. "Huyu iko fundi!" alisema, akimpigapiga mgongoni. "Huyu iko fundi wa kweli!"

Mkewe Elliot, Harriet, alikuwa daktari mwenye mkataba wa mwaka mmoja na nusu, na Elliot alikuwa amemfuata tu. Walikaa Nyarutarama, katika nyumba yenye sebule kubwa ya vigae na baraza iliyotazama uwanja wa gofu, na mlinzi wao, Vianney, aliyemwita bosi wake "Eriyoti" na mimi "mwarimu" ingawa wakati huo sikuwa nimemfundisha mtu yeyote kitu chochote. Nilianza kwenda pale Jumamosi mchana. Harriet alipika supu ya dengu iliyohitaji chumvi, tukaila na mkate na jibini ya Gishwati, kisha yeye akaenda kulala na mimi na Elliot tukabaki barazani. Hapo ndipo aliponieleza maisha yake. Alizaliwa katika mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, baba yake dereva wa basi. Alijifunza kupiga ngoma katika ukumbi wa vijana ambako kulikuwa na seti moja, na zamu ya mtu ilikuwa fupi, kwa hiyo alizoea kupiga magoti yake akingoja. Akapata nafasi ya kusoma muziki London, akaingia katika kikundi cha watu wanne kilichoongozwa na mpiga saksafoni aliyekuwa rafiki yake. Wakatoa albamu mbili. Magazeti yakaandika kwamba huyu kijana ndiye atakayekuja kuwa mkubwa. Halafu asubuhi moja, akinywa chai, akasoma gazetini kwamba kikundi chake kinaanza ziara, na kwenye ngoma lilikuwa jina la mtu mwingine.

"Hawakukwambia?" nilimwuliza.

"Hakuna aliyeniambia chochote. Hakuna aliyegombana nami. Waliacha tu kunipigia simu." Alisema hivyo huku akikusanya makombo ya mkate mezani kwa kiganja. "Nilikaa miezi nikidhani simu ni mbovu. Nilimwomba hata Harriet anipigie kutoka kazini nihakikishe." Nakumbuka nilivyoona uchungu juu yake siku ile. Nakumbuka nilimwambia, kwa ukali wa msichana asiyejua lolote, kwamba mtu anayefanya jambo kama hilo hana utu. Nayasema haya ili ijulikane kwamba baadaye sikuweza kusema sikujua.

Mfungo wa Ramadhani ulipokaribia, Sadiki alitukumbusha kwamba yeye hapigi mwezi huo. Miaka mingine tulitumia mdundo wa mashine iliyokuwamo ndani ya kinanda changu, ambayo Papi aliiita mkwe asiyeongea. "Mwaka huu iko bahati," Sadiki alisema tukiwa sebuleni kwake, akamgeukia Elliot, akagonga kile kiti cha duara kwa kiganja. "Nishikie kiti mpaka Idi." Nikatafsiri. Elliot akaweka mkono kifuani, akarudia neno alilolisikia, "Mpaka Idi," na Sadiki akacheka jinsi alivyolitamka.

Sijui niuelezeje mwezi ule bila kuonekana najitetea au najisifu. Wiki ya kwanza watu wa hotelini waliendelea kula kama kawaida. Wiki ya pili niliona kwamba sauti za uma na visu zimepungua. Baadaye wakaanza kuja watu ambao hawakuagiza chakula kabisa, wakakaa karibu na jukwaa na glasi moja ya bia, wakasikiliza. Meneja akatuomba tupige na Jumamosi. Elliot hakupiga kwa nguvu. Nyimbo nyingine alizipiga kwa brashi za waya, kama mtu anayefagia chumba anacholala mgonjwa, na ndani ya ule ufagiaji mimi nilisikia kila noti yangu ikianguka mahali pake na kukaa. Jioni moja, tukirudi, Papi alisema polepole, "Konso, umesikia? Banatusikiliza." Hatukulitaja jina la Sadiki. Si siku hiyo, wala siku nyingine ya mwezi ule. Hatukukubaliana kutolitaja. Lilituishia tu mdomoni, kama sukari inavyoisha nyumbani bila mtu kumwona aliyeimaliza.

Siku ya Idi tulikwenda wote watatu Nyamirambo. Watoto wote wa Sadiki walivaa nguo za kitambaa kimoja, wavulana mashati, Zuhura na mdogo wake magauni, na yeye mwenyewe alikuwa amevaa kanzu mpya iliyopigwa pasi hadi ikasimama. Palikuwa na pilau kwenye sinia mbili, kachumbari, na pilipili ya mafuta ambayo Papi aliionja kwanza kwa kidole kabla ya kumruhusu Elliot. Tulikula sana. Sadiki alitusimulia juu ya mteja aliyenenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuchukua suti, akainuka kuigiza jinsi mtu huyo alivyotembea, tukacheka hadi machozi. Kisha akaketi, akajifuta mikono, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo, "Sasa, Ijumaa tunaanza saa ngapi? Saa moja kama kawaida?"

Elliot alikuwa anahangaika na mfupa na hakuelewa Kiswahili. Papi alitazama sahani yake. Mimi nilikuwa na wali mdomoni, na nakumbuka niliutafuna kuliko ulivyohitaji kutafunwa. Kisha nikasema, kwa ile sauti ya duka la dawa niliyokuwa nikimwambia nayo mgonjwa kwamba dawa yake haijafika, "Hoteli bado haijatuambia vizuri, Kaka. Tutakupigia."

"Haya," alisema Sadiki. "Simu yangu iko wazi." Na akachagua kipande cha nyama kilichonona kwenye sinia, akakiweka upande wangu. Kwenye mlango wa jikoni alikuwa amesimama Mama Zuhura na jagi la juisi. Alisimama pale muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaingia akaanza kutumiminia.

Ndani ya gari Elliot aliniuliza Sadiki anarudi lini. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya pili, na nafasi ya pili haina udhuru wa wali mdomoni. Nilimwambia, "Ana kazi nyingi ya kushona. Amesema tuendelee tu." Maneno yalitoka yamekamilika, hayakutafutwa. Elliot alitazama nje, maduka ya Nyamirambo yakipita na watu wa Idi wakiwa wamejaa kando ya barabara. Kisha akasema, "Basi Ijumaa tuanze na ule wa taratibu."

Hatukumpigia. Ijumaa ya kwanza simu ya Papi ililia jukwaani tukiwa tunajiandaa, akaitazama, akaizima akairudisha mfukoni; sikumwuliza ni nani. Baada ya hapo Sadiki hakutafuta tena. Mimi nilipita njia nyingine kwenda mjini ili nisipite mbele ya duka lake la kushonea, njia ya mzunguko yenye kilima kirefu, na kwa kuwa mwaka ule nilipungua mwili, watu waliniambia nimependeza.

Wazo la kurekodi lilikuwa la Elliot. Hakutaka studio za mjini. Alitaka tusikike kama tumekaa chumbani mwa mtu. Lakini sebule ya Nyarutarama ilikuwa na vigae na vioo vitupu, na kila pigo la ngoma lilirudi mara mbili. Tulijaribu kuegemeza magodoro ukutani yakaanguka. Harriet akasema zinahitajika pazia nzito, za sakafuni mpaka juu, akamwomba Vianney amtafutie fundi. Vianney akasema, "Iko mmoja Nyamirambo, madamu. Mzuri sana." Ndiyo maana Jumamosi moja mchana, tukiwa katikati ya wimbo, niliinua macho nikamwona Sadiki mlangoni, futi ya kupimia shingoni, vipande vya vitambaa vya mfano mkononi. Hakuingia. Alisimama pale mpaka wimbo ulipokwisha, kama mtu anayengoja wenzake wamalize sala.

"Sadiki!" Elliot aliruka kutoka kwenye kiti. Alifurahi kweli, au nilidhani hivyo. "Konso anasema kazi zimekufunika kabisa!"

Ilikuwa kazi yangu kutafsiri na sikutafsiri. Lakini Kiingereza cha Sadiki kilitosha. Alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu, na katika uso wake sikuona hasira. Niliona mtu anayefanya hesabu ndogo na kupata jibu. Akamjibu Elliot kwa Kiingereza, akitabasamu, kwamba ndiyo, kazi ni nyingi, nyingi sana, anamshukuru Mungu. Kisha akanigeukia. "Dada," alisema, "nishikie hapa." Akanipa ncha ya futi. Nikaishika kwenye kona ya dirisha na yeye akatembea mpaka kona ya pili, akasoma, akaandika. Dirisha la pili vilevile. Tulizunguka chumba kizima namna hiyo, mimi nimeshika ncha moja na yeye ameshika nyingine, huku Papi akijifanya anakaza nyuzi zake. Elliot alitaka kitambaa kizito kuliko vyote vilivyokuwapo, na Sadiki akasema atatia na blanketi ndani. Alipomaliza alikunja futi akaenda. Pazia alizileta mwenyewe baada ya siku chache akazitundika, za kijani kilichokoza. Elliot akasimama katikati ya chumba akapiga kofi moja, na sauti ikafa palepale. "Imekufa!" Elliot akapaza sauti kwa furaha, lilikuwa moja kati ya maneno machache ya Kiswahili aliyoyajua. Sadiki naye akacheka. Nikamwambia akae anywe chai. Akasema ana kazi nyingi.

Albamu ile tuliiita *Sebule*. Kampuni ndogo ya London iliitoa baada ya Elliot kurudi kwao, na watu wanaojua mambo hayo wakaandika juu ya sauti yake: jinsi ilivyo karibu, jinsi unavyosikia mtu akivuta pumzi kabla ya noti. Mwimbaji mmoja akamtafuta Elliot amtengenezee sauti kama hiyo, kisha mwingine, na hivyo ndivyo alivyoacha kuwa mpiga ngoma aliyesahauliwa akawa prodyuza. Alifungua studio yake katika gereji ya zamani mashariki mwa London. Nimekwenda mara mbili kupiga pale. Kuta zake zote zina pazia. Kila nikisoma mahojiano yake namkuta akisema alijifunza kila kitu katika chumba kimoja cha Kigali, na kila mara nasoma mpaka mwisho nione kama atataja nani alizishona. Mimi mwenyewe nimehojiwa pia, hapa nyumbani. Sijataja.

Mkataba wa Harriet ulipokwisha wakaondoka, kama ilivyojulikana tangu mwanzo kwamba wataondoka, nasi tukabaki bila mpiga ngoma hata mmoja. Papi akasema twende kwa Sadiki tukamwombe. Akasema niende mimi. Nilikwenda. Nilimkuta dukani kwake amezungukwa na vipande vya kitambaa cha sare za shule, akanikaribisha vizuri, akanifutia kiti. Nikafungua mdomo kumwomba arudi na nikajisikia nikiagiza sketi. Akanipima, akaniuliza nataka mfuko au la. Nilipokuwa natoka nilimwuliza ngoma zake ziko wapi, akasema ameshaziuza kwa kanisa moja la Kimironko. "Zilikuwa zinakula nafasi," alisema. Kikundi kilikufa mwezi ule. Papi alikwenda Nairobi. Kwa miaka yote iliyofuata Sadiki alinishonea nguo, pamoja na gauni la harusi yangu, na hakuna siku alikosea kipimo. Mara moja tu nilijaribu. Nilisema, "Kaka, kuhusu ule mwaka," naye, pini zikiwa mdomoni, akaniambia nisimame wima, pindo linapanda.

Alhamisi hii iliyopita nilimpeleka Elliot msibani. Tulivua viatu, tukapewa mahali pa kukaa na chai ya tangawizi. Zuhura sasa ni mama mwenye watoto wakubwa, na alikuja na ndugu zake wakaketi mbele yetu, kwa sababu walitaka kumwona yule Mwingereza. "Baba alituambia habari zako sana," Zuhura alimwambia, nami nikatafsiri. "Alisema kazi za kushona zilimzidi, akakupa kiti chake mwenyewe, ukaenda nacho mbali. Akiona picha yako kwenye simu anatuonyesha." Kisha akanigeukia mimi. "Shangazi, wewe ulikuwapo. Ilikuwa hivyo?"

Ule ulikuwa uongo wangu, niliousema ndani ya gari siku ya Idi, na Sadiki alikuwa ameuchukua akaukalia kwa maisha yake yote, akaulea, akawalea nao watoto. Nikiuvunja, navunja cha nani? Waliniangalia. Mama Zuhura alikuwa kwenye jiko dogo la mkaa na birika mkononi. Nikasema, "Ilikuwa hivyo. Alimpa mwenyewe." Watoto wakaitikia kwa vichwa, wakaridhika, na mmoja akafuta macho. Tulipoaga, Mama Zuhura alinisindikiza mpaka kwenye lango, Elliot akiwa ametangulia. "Umefanya vizuri kuwaambia hivyo," alisema. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Alingoja simu yenu mpaka mfungo wa mwaka uliofuata. Akasema, basi, hata wakipiga sasa mimi nimefunga." Akaniombea safari njema, akarudi ndani kwa wageni wake.

Garini sikuweza kuwasha injini. Nilimwambia Elliot kila kitu: Idi, simu ya Papi, kazi nyingi ambazo hazikuwapo. Nilikuwa nimeibeba hotuba hiyo zaidi ya miaka ishirini, na nadhani nilitumaini atashtuka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," alisema. "Tangu siku ya pazia. Niliuona uso wako, Konso. Mimi nimewahi kuwa upande ule mwingine, najua mambo hayo yanavyofanana."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ungempigia."

Watoto wa shule walikuwa wakivuka barabara mbele yetu na alingoja wapite ingawa gari halikuwa likienda popote. "Watu wanadhani kazi yangu ni mashine na vitufe," akasema. "Kazi yangu ni kuamua nani apigiwe simu na nani asipigiwe, na yule wa pili aondoke bila kugombana na mtu. London walinifanyia kwa gazeti. Wewe ulifanya kwa upole, ukiwa unakula kwake. Mimi nimekuiga miaka yote hii." Hakusema ili kuniumiza. Alisema kama mtu aliyechoka anayemweleza mwenzake wa kazi. Nilikuwa nimekwenda pale kugawana naye mzigo, na badala yake aliniongezea wote wale nisiowajua, wapigaji wa London na kwingineko ambao simu zao ziko wazi.

Ijumaa, siku ya onyesho, nilifikiri kumpigia Elliot simu nimwambie ninaumwa. Nilivaa nikiwa bado nafikiri hivyo, nikafika Kiyovu nikiwa bado nafikiri hivyo. Ukumbi ulikuwa umejaa, vijana wengi, baadhi yao wanafunzi wangu. Niliketi kwenye piano. Elliot alichukua brashi zake, mikono imezeeka, mshipa umejitokeza juu ya kifundo cha mkono, akanitazama na kuanza kwa sauti ya chini mno, na nafasi ikafunguka mbele yangu kama zamani. Nikaingia. Ningependa kuandika kwamba nilimpigia Sadiki wimbo ule, kwamba nilimwona nyuma ya ukumbi amesimama na futi yake shingoni. Sikumwona. Sikumkumbuka yeye wala mjane wake wala watoto. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata mahali pengine popote maishani, na nilikuwa nayo mpaka watu walipoanza kupiga makofi. Hapo ndipo niliposimama nikainama kuwashukuru, na nikabaki nimeinama kwa muda mrefu. Walidhani ni heshima.